Hodi ya Pili

Saa nane usiku, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Mbwana ana siku arobaini na tatu na hataki kulala.
Mimi wa maabara ya Bombo, mpima damu za watu,
nimekaa sakafuni nimekipakata kichwa chake,
kinatosha kiganjani.

Humo ndani seli inanyoosha mkono kwa seli
na mkono haufiki.
Unabaki mwanya, mwembamba
kuliko ngozi ya kitunguu iliyochanwa mara elfu.
Hapo ndipo hodi inapopigwa.

Milango mingi bado ni bubu.
Fremu ipo, bawaba zipo,
ila tunduni imekaa chembe ya magnesiamu,
kaidi kama kizibo cha chupa ya asali.
Hodi peke yake haiing'oi.
Sharti mwenye nyumba naye awe ameamka,
hodi na karibu zigongane kizingitini,
ndipo kizibo kiruke, kalsiamu imiminike,
na kesho yake mlango uongezewe wapokezi.

Isiyojibiwa haibishi milele.
Wamo wafagiaji, wadogo, hawana chuki na mtu,
wanapita wakimeza viungo vilivyokaa kimya.

Nilikulia Pongwe, baba akiitumikia korona:
jani zima la mkonge linaingia,
linatapikwa maji na ute wa kijani,
cheupe kinachobaki ni kiduchu, nacho ndicho kamba.
Sikuwahi kuyalilia makapi.
Usiku huu nayahesabu.

Maana masikio ya Mbwana leo hayajachagua lugha.
Hata ile sauti ya Kidigo yanaipokea,
midomo ikikaribiana isigusane,
kama mtu apulizaye jivu juu ya kaa.
Humu ndani hakuna anayeitamka.
Baba yake ni wa Songea.
Mimi shuleni niliambiwa niiache,
nikaiacha vizuri mno.

Nimempigia mama, Duga. Kaamka na hofu:
"Nani kafa?"
"Hakuna. Sema naye."
"Saa hizi? Nimwambie nini?"
"Lolote. Mgombeze."

Kamgombeza. Kuhusu kuku, nadhani,
na jirani aliyehamisha mpaka wa muhogo;
nusu ya maneno sikuyashika.
Mbwana kakunja uso,
mguu mmoja umesimama hewani, umesahau kushuka.

Kesho, saa hizi hizi,
hodi ya pili.