Kifungu cha Saba, Aya ya Pili

Ilonka Szabados, miaka arobaini na mmoja,
amebakiza kitu kimoja apate kuvaa joho:
andiko. Kurasa thelathini, tanbihi juu yake,
na saini ya mhadhiri, kwa wino, si kwa muhuri.
Uandishi wa Kisheria, Ngazi ya Juu.
Deni la ada halimo humo. Hilo lina daftari lake.

Usiku hupokea simu za magari yaliyokwama,
theluji ya Toledo imeyameza magurudumu.
"Uko wapi? Soma kibao. Unaona nini?"
Miaka kumi na sita anawafunza waliotaharuki
kusema walipo kwa maneno machache.

Darasani akasahau.
Rasimu ya kwanza aliishindilia "ilhali" na "kwa mujibu wa
hayo yaliyotangulia kutajwa hapo juu,"
akidhani hivyo ndivyo sheria ifungavyo tai.
Profesa Okrent akairudisha imechanjwa kotekote,
pembeni kauliza: Nani kamfanya nani nini?
Ya pili ikarudi na swali fupi zaidi:
Mbona sisikii baridi?

Basi akamtia mama yake, bila jina,
ghorofa ya tatu, jiko la gesi wazi usiku kucha,
soksi mbili mbili, dirisha limezibwa kwa taulo,
kwa kuwa mkataba wa pango wasema mwenye nyumba
"atajitahidi kutoa joto la kuridhisha."
La kumridhisha nani?
Kurasa kumi na moja ziliota kwenye neno hilo,
kama uyoga kwenye gogo.
Okrent akatia saini, akasema, "Sasa nasikia baridi."

Kisha Machi, barua ya msajili.
Bi Pruitt anasikitika kumjulisha.
Kanuni za kuhitimu, kifungu cha saba, aya ya pili:
mwanafunzi sharti awasilishe andiko
au ahudumu kliniki na apate saini mbili.

Saini mbili. Anayo moja.
Msomaji wa pili amestaafu tangu Januari,
yuko Arizona, hajibu barua.

Aliisoma mara ya kwanza akalia kidogo, chooni kazini.
Mara ya pili akaisoma kama mkataba wa mama.
Hiyo "na," herufi mbili tu,
imelala juu ya shahada yake kama mbwa mlangoni:
imeshika kliniki peke yake,
au imenyoosha mkono hadi kwenye andiko?
Hapana mkato. Hapana nambari.
Aliyeitunga labda alikuwa na njaa,
labda ilikuwa Ijumaa.

Sheria ni msumeno, husema walioonja makali.
Ilonka aliugeuza msumeno juu chini,
akahesabu meno, akaona moja limepinda.

Aliandika kati ya simu na simu:
lori limepinduka, akaandika sentensi;
betri imekufa maegeshoni mwa kanisa, akafuta mbili.
Hakuna "ilhali." Hakuna aliyetangulia kutajwa.
Kanuni yasema hivi. Yaweza kusomwa hivi au hivi.
Utata ukizuka, asiubebe aliyekuta kanuni imeshaandikwa.
Kurasa mbili. Ya pili haikujaa.

Okrent alizisoma wima, kando ya mashine ya kahawa.
Kalamu haikutoka mfukoni.
Alizikunja, akarudisha, akasema kahawa ya humu ni mbaya.

Kamati inakaa Alhamisi.
Joho amelipia, halirudishwi, kanuni hiyo haina utata.
Mama ameuliza avae viatu gani.
Saa tisa usiku simu inalia, kijana, meno yanagongana:
"Niko, nadhani, karibu na daraja, au nimelipita, na—"
"Pole pole," Ilonka anamwambia.
"Karibu nalo, au umelipita?
Futa kioo. Soma kibao."