Njia ya Chungu

Asali ilimwagika,
sakafuni ikashika;
msururu ukatoka
chini ya mlango wangu.

Nilikuwa nimekaa,
penseli na kitambaa;
wakipinda, wakipaa,
nikawanakili chungu.

Miezi sita kushona,
tobo kwa tobo kubana,
vidole vikapishana.
Langoni wakaiona,
wakaiita "ya Chungu".

Juzi nikavuka Shela
kudai deni la hela;
nikaona, kwenye jela
ya kioo, kazi yangu.

Si kofia: ni mikoba,
mashuka, hata viroba,
elfu mbili mia saba,
na jina si jina langu.

Famau kacheka: "Dada,
Lamu kushona ni ada,
mapambo ya kawaida,
la mtu hakuna fungu."

Picha ilipigwa lini?
Nakumbuka: harusini
kijana, simu usoni,
alisifu kazi yangu.

"Nzuri hii!" akalia,
nami nikafurahia,
kila pembe kumwachia,
kumbe nakabidhi changu.

Nikarudi na hasira,
nikasema: nitachora
tena nini? Kila sura
itaibwa mbele yangu.

Nikamwendea Dhahabu,
karani mwenye vitabu;
akanipa taratibu
sheria, fungu kwa fungu.

Feni ilikuwa mbovu,
faili zina makovu,
paka, manyoya makavu,
alalia fomu yangu.

"Wazo," asema, "ni pepo,
halishikiki lilipo;
ukilichora, ni hapo
utasema: hili langu.

"Chungu wa Mungu, si wako;
mwenzio na awe huko
awachore kwa mwandiko
wake: si mwizi, mwenzangu.

"Haki si hadi muhuri,
wala ofisi ikiri;
ila kuandikwa, heri:
kutapunguza machungu.

"Kofia ukiiuza,
mchoro hujauuza,
labda uandike kwanza
kwa wino: 'Chukua wangu.'

"Hata ukiuza, jina
libaki penye bayana,
wala kazi kuichana:
hiyo, haki ya uchungu.

"Ni yako u duniani,
na ukiwa kaburini,
kwa miaka hamsini
wale wanao, mwanangu."

Kisha akaniuliza,
chai akiipooza:
"Na hii kona ya kwanza,
ilitoka wapi?" "Kwangu—"

nikasita. Sio kweli.
Kona hiyo, na ya pili,
na nyota zenye kivuli,
ni zake shangazi yangu.

Mwanakombo, Mkomani,
aliyechora gizani
kofia za majirani,
akilipwa nazi, changu.

Hakutia hata jina,
akiona si maana.
Nami bado msichana,
kanishika chanda changu,

akakiongoza: "Hapa
toboa, hapa, na hapa.
Uzi ukiisha, kopa,
ila rudisha, mwanangu."

Dhahabu akaandika.
"La kale halina shaka,
ni la wote kulishika;
la shangazi si la mbingu.

"Amekufa?" "Mwaka jana."
"Ameacha nani?" "Mwana:
Bishara, aliye Tana,
binti wa umri wangu."

"Basi mwombe yeye kwanza,
ndipo vita utaanza;
hakimu atachunguza
hata mapito ya chungu."

Nikaenda. Kwa Bishara
tukapanga na ujira:
penye nyota na duara
theluthi si fungu langu.

Bishara kacheka: "Mama
aliishi akihema;
leo ni mfu, atuma
hela hadi kwenye chungu!"

Barua ikaandikwa,
hadi Shela kupelekwa;
jibu halijatamkwa.
Nangoja. Nyumbani kwangu

kofia mpya nashona;
ndani, mtu hataona,
nimetia kwanza jina
lake. Chini yake, langu.