Chupa Namba Kumi na Saba

Zamani mlango huu ulifungwa saa kumi na moja,
ufunguo ukaenda nyumbani na Mzee Adriko,
mfukoni, pamoja na kitana na risiti ya sukari.
Damu iliyochotwa magharibi
ililala kwenye dirisha la wodi hadi kuche.
Subira huvuta heri, tulisema.
Si kwenye damu.

Vijidudu havisaini daftari la kuondoka.
Kimoja huwa viwili kabla chai haijapoa,
viwili huwa vinne;
hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Mwaka ule nilibeba mwenyewe jibu la Candiru,
mzazi wa siku ya tatu, homa arobaini.
Niliandika vizuri, kwa kalamu nyeusi:
kimelea ni hiki, dawa hii itakiua.
Nikakuta godoro limeegemezwa ukutani, linakauka.
Muuguzi akasoma karatasi, akaikunja mara nne.
Hakunilaumu.
Afadhali angenilaumu.

Usiku huu mvua inapiga mabati ya Arua,
umeme umekwenda, jenereta inakohoa,
nami nimevaa sweta la mke wangu.
Saa nane kasorobo mashine inalia.
Chupa namba kumi na saba:
Drileba, miaka minne, ameletwa kutoka Vurra kwa bodaboda.
Tone kwenye kioo. Moto kidogo. Rangi, maji, rangi tena.
Chini ya hadubini, vijiti vya waridi,
vimetapakaa kama njiti za kiberiti kilichopasuka.

Jina lake kamili litakuja keshokutwa.
Nusu ya jibu, saa nane ya usiku,
nailinganisha na lile zima nililolibeba kwa Candiru.

Simu ya wodi inaita. Inaita.
"Sista Ezaruku, ni vijiti. Ile dawa ya jioni haitoshi."
"Ngoja niandike."
Nasikia kalamu ikigoma, ikitikiswa.
"Namwamsha daktari."

Mhasibu huniuliza kila mwezi:
dizeli, glavu, posho ya usiku, za nini,
na chupa tisa katika kumi hazioti kitu?
Nami hubaki nikitazama viatu vyake.
Mtoto anayelilia uji hatoi risiti.

Kunapambazuka. Nanawa mikono, narudia.
Nitapita wodini nikielekea nyumbani,
ila sitaingia moja kwa moja:
kwanza nitachungulia dirishani,
nione godoro liko wapi.