Nakala Saba

Si albamu. Tuanze hapo.
Ni daftari la stoo la kambini, lenye mistari myekundu
ya kuingiza na kutoa: blanketi, buti, sabuni.
Shangazi Kaltuma aliligeuza juu chini,
akaanzia nyuma,
akibandika maisha yake kwa uji wa muhogo;
ndiyo maana mende waliila harusi ya Rehani
wakaacha sahani za pilau tu.

Baada ya arobaini kila mtu alilitaka.
Arua walisema ni lao, marehemu alizaliwa kwao.
Kibera walisema ni lao, ndio waliompa pa kulala.
Mzee Sebbi wa Masindi hakusema kitu.
Alituma mtu na begi.
Nami niliyemuuguza nikasema: zitatoka nakala.
Nikalifunga kwa leso, nikalipeleka kwa Lutaaya,
kibanda cha pili ukitoka stendi ya Bombo.

“Kurasa ngapi?”
“Tisini na moja.”
“Mara?”
“Mara saba.”
Akafuta kioo cha mashine kwa shati lake.

Mashine haijui ukoo.
Ilizimeza nyuso zetu, ikatema meno na kola.
Tabaga alizosuka Shangazi,
nyekundu, kijani, zambarau,
zikatoka magurudumu ya majivu.
Tiketi ya basi la Gulu ikang'aa kuliko bibi harusi.
Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni:
*hii ni zambarau.*
*Huyu alikuwa anacheka.*
Mara saba.

Ukurasa wa arobaini umeme ukakatika.
Lutaaya akaagiza chai, akainama juu ya daftari:
“Na huyu aliyetobolewa?”

Ni askari. Tuseme ni shati la askari:
vifungo vinne, mkono umeegemea kiti,
na penye kichwa, tundu,
duara safi la mkasi wa Shangazi,
mwaka ule wa kukimbia, picha ilipoweza kuua.
Hakuichana.
Alitoa uso, akabaki na mume.

Umeme uliporudi, mwanga ukapita chini ya kioo,
na tunduni, kutoka ukurasa wa pili yake,
kikachungulia kitoto kinalia:
mimi, siku ya akika yangu,
nimevaa vifungo vya Bakhit.
Ningeweza kutia karatasi nyeupe katikati.
Lutaaya alikuwa nayo mkononi, ananingoja.
Nikamwambia, endelea.

Majibu yalikuja kama madeni.
Kibera: *wa ukurasa wa kumi na mbili si Mariamu, ni Zuhura,
na gauni lile ni langu, hakulirudisha.*
Arua: *mmetuletea makaa.*
Mzee Sebbi alirudisha nakala nzima;
kila uso uliozama kwenye weusi
ameuchorea macho kwa wino mweupe wa kusahihishia,
mawili mawili, bila kukosea nani ana makengeza.

Kisha bahasha kutoka Yei.
Nakala ilifikaje huko sijui; nakala nayo huzaa.
*Mimi ni Hadija Bakhit. Hamnijui.
Mama alikuwa nacho hiki ndani ya kopo la wanja,
hakuwahi kusema ni nani.
Nimekipima juu ya karatasi yenu. Kinaingia.*

Kimeanguka mezani, si kikubwa kuliko shilingi,
kimekunjika puani, kinatabasamu.

Shangazi, ulimpa kwa mkono wako,
au aliokota sakafuni ukiwa unafunga mizigo?
Mlikaa chini mkagawana, wewe shati, yeye uso,
au kila mmoja alikimbia na alichowahi?
Miaka yote ile ulipokuwa ukinituma wanja dukani,
ukisema wa Yei ndio mzuri.

Sijakibandika.
Uji wa muhogo upo jikoni, umepoa, umeshika ngozi.
Kesho nakwenda kwa Lutaaya.
Atauliza, mara ngapi?
Moja. Ya nane.
Na nikiandika pembeni
sijui bado nitamwita Hadija nani.