Kazi ya Juu

Mama, uliwaambia majirani pale Lushoto
kwamba mwanao huku Dundee ana kazi ya juu.
Sikukusahihisha. Ni ya juu kweli:
ghorofa ya nne, kisha paa, kisha dohani,
na kule chini mto Tay umelala, kijivu kama bati kuukuu.

Saa moja asubuhi, Januari, bado giza.
Barafu imeziramba mbao za jukwaa.
Morven, msimamizi wetu, haruhusu mguu wa mtu
kabla hajapita na chumvi na ufagio,
akagonga kila kiungo kwa spana, akasikiliza.
Chuma kilichokazwa hujibu.
Kilicholegea huguna.

Nami najikagua: mkanda wa mapaja, wa kifua,
mshono, pete, kulabu.
Kulabu inasema ta!
Nakiamini kijisauti hicho
kuliko mikono yangu yenye miaka kumi na tisa kazini.

Shuleni tuliimba: mpanda ngazi hushuka.
Wahenga hawakusema anashukaje.
Kwa miguu, uso kwenye ngazi?
Au kwa mgongo, macho mbinguni?

Unamkumbuka Shemdoe, wa kule Mlalo?
Tulipoezeka kanisa alijifunga kamba mbili,
tukamcheka, tukamwita mbuzi wa Idi.
Basi Jumamosi moja, nyumbani kwake,
mfereji wa paa umeziba majani,
ngazi ya kuazima, mguu mmoja hauna mpira,
yeye na ndara zake.
“Dakika mbili tu,” alimwambia mkewe.
Kipandio cha tano, mama. Cha tano!
Hakufikia hata kizingiti cha juu cha mlango.
Nyonga, na pingili mbili za uti wa mgongo.
Chai ilikuwa bado ya moto mezani.

Tangu hapo simwogopi sana urefu mkubwa.
Ule una adabu, hukutisha mapema,
hukukausha mate, ukaifikiria kamba.
Ni huu mfupi, wa stuli na kiti cha jikoni,
unaokuchekea kama jirani mwema
huku umeificha sakafu nyuma ya mgongo.

Leo saa nne upepo umegeuka.
Kigae kimoja cha jiwe kimeinuka peke yake,
kimezunguka hewani, kimepasukia uani
pale tulipozungushia utepe, hapana mtu.
Morven amenyanyua mkono. Hakupiga kelele.
Mwenye nyumba amefungua dirisha kulalamika:
wiki ya pili hii, na ndoo bado iko sebuleni.
Tumefunga turubai, tumefunga vifaa,
tumeshuka mmoja mmoja, mikono miwili na mguu,
miguu miwili na mkono, kama watoto wanaojifunza kutambaa.

Jioni umenipigia simu. “Leo umefanya nini huko juu?”
“Nimeshuka, mama.”
Ukanyamaza. Kisha, kwa sauti ya chini,
majirani wasisikie: “Wamekushusha cheo?”

Hapana, mama.
Nimeshuka kwa miguu.