Walioandika Toleo la Kumi na Moja

Niliwaomba maneno arobaini kila mmoja.
Malkhaz kaleta mia tatu,
nusu yake majina ya mbwa aliowahi kufuga.
Mbwa nimewabakiza wawili, mshairi nimempunguza.
Anisamehe. Karatasi tunanunua kwa kilo
na kilo mwaka huu haishikiki.

Tuanze, basi, kwa waliotii.

Tsisana Gvelesiani anauza tiketi za treni,
dirisha la tatu, stesheni ya Kutaisi.
Huandika nyuma ya tiketi zilizoharibika;
ndiyo maana beti zake hazinenepi
na kila ubeti una saa ya kuondoka.
Bahari hajaiona. Ni mwendo wa asubuhi moja.
(Kaniomba niifute sentensi hiyo.
Nimeifuta mara mbili, imerudi mara mbili.)

Vazha ni daktari wa meno.
Hadithi yake, ukurasa wa tisa,
ni ya mtu aliyekataa kufumbua kinywa
miaka kumi na sita.
Anasema haihusiani kabisa na kazi yake.
Haya.

Otia na Irodi Jikia ni ndugu,
tumbo moja, shairi moja,
na hawasemezani tangu matanga ya mama yao.
Daftari huachwa duka la mikate, kando ya mizani:
Otia huandika mstari, Irodi huujibu,
mwenye duka hupangusa unga kwenye jalada.
Wasifu? Kila mmoja kaniletea wa mwenzake.
"Supu anaijua. Chumvi ndiyo hajui iishie wapi."
"Huimba vizuri akidhani hakuna mtu."
Ndugu wakigombana, wahenga walishasema,
shika jembe ukalime.
Nilishika kalamu nyekundu, nikairudisha mezani.

Mzia Kvirkvelia ana miaka sabini na minane.
Amefasiri bembelezi tano za watoto
kutoka Kimingreli, lugha ya jikoni kwa bibi yake.
Neno moja hakulifasiri.
Kaliacha lilivyo, kama mfupa ndani ya mchuzi.
Nikampigia simu: Bibi Mzia, msomaji atakwama.
Na akwame, akasema,
mimi nimekwama hapo tangu nina miaka minne.

Guram alileta shairi Februari.
Wasifu, akasema, Jumatatu.
Jumatatu tulisimama uani kwake, kofia mkononi,
theluji ikidondoka matone kutoka paa la jirani.
Binti yake kanipa alichokikuta mfukoni mwa koti:
"Guram ni", kisha, chini yake,
betri, vitunguu, kamba za viatu.
Nimekichapa kilivyo.
Kesho yake nilinunua betri. Sijui za nini.

Nakala mia na ishirini.
Stepla ya kuazima shuleni ninakofundisha,
meza ya jikoni,
pini zinazotoboa kitambaa cha marehemu mama
na, zikikosa kitambaa, kidole.
Mimi ni Nestan. Mkikuta doa
ukurasa wa kumi na nne, pembeni, la rangi ya kutu,
huo ndio wasifu wangu.

Usiku wa manane Malkhaz kapiga simu:
Mbwa gani umewaacha?
Bombora, nikamwambia, na Tolia.
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likifoka jikoni
na yeye haendi kuliepua.
Tolia, akasema, hakuwa wangu.
Alikuwa wa jirani. Alikuwa anakuja tu.

Nimtoe?

Mwache, akasema. Alikuwa anakuja kila siku.