Ukanda wa Manjano

Kajjansi, langoni. Ukanda wa karatasi ya manjano:
elfu sitini kila mkono, ule mpaka jioni.
Tuko watano. Nikapiga hesabu mgongoni mwa risiti.
Babirye na Nakato hudonoa tu,
Kizza akishuka bembea hutapika,
mama yao amefunga,
nami, kwa laki tatu,
ningelazimika kumeza hata kuku wa kesho.
Nje ya uzio rolexi ni elfu tatu,
ila ukitoka huingii tena.

“Amua, mzee, foleni ndefu,”
akasema binti wa dirishani,
goti likificha kikopo chake:
muhogo, karanga, vya kwao.
Aliona nimeona.
Nikarudisha pochi.

Saa nane Kizza akauliza
mbona mikono yetu haina rangi.